Kiti Changu na Bunduki ya Mitutu Miwili

Jumatatu, 6 Oktoba

Aibu. Aibu tupu. Haslbrunner wametoa bunduki ya kubadilisha mtutu. Haslbrunner, waliomtengenezea babu yangu bunduki, kisha baba, kisha mimi! Miaka yote mtutu wao ulikaa pale ulipofungwa kiwandani mpaka mwenyewe anazikwa. Sasa eti unashika spana, unafungua mtutu mnene, unafunga mwembamba wa risasi ndogo, unapiga. Halafu unarudisha ule mnene na risasi zinakwenda palepale kama hakuna kilichotokea. Ni ya kwanza kwao ya aina hii. Mungu ajalie iwe ya mwisho.

Na nani kainunua? Quirin, kaka wa mke wangu. Shemeji huyu hajawahi kukutana na kitu kipya akakipita. Mashine yake ya kukata nyasi inayotembea yenyewe ilishakwenda kwa kasisi ikamaliza maua ya Pasaka.

Jioni kwenye baa ya Burgl, kwenye meza ya chama chetu cha walenga shabaha, Quirin alipitisha picha. Wote wakaguna kwa kutamani. Nikawaambia, kwa utulivu wa mtu anayejua, kwamba mtutu uliofunguliwa ni kama jino lililong'olewa: kulirudisha shimoni unaweza, ila usilitafunie nyama. Wakacheka. Nikanogewa. Nikasema Ijumaa Quirin auvue mtutu na aurudishe mbele ya wote, na risasi zikienda palepale, nampa kiti changu.

Burgl aliacha hata kufuta bilauri.

Kiti changu kiko ubavuni mwa jiko la vigae linalopasha baa joto. Baba alikikalia mpaka alipofariki. Siku ya maziko, marehemu mama yake Burgl alinishika bega akanikalisha pale mbele ya kijiji kizima. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyekikalia. Watalii hufukuzwa.

Kwa nini nilisema vile? Nadhani ni bia.

Jumanne, 7 Oktoba

Zenzi, mke wangu, alizipata habari kwa mwoka mikate kabla mikate haijaiva. Akaniuliza kama hiki nilicho nacho ni kichwa au ni pa kuwekea kofia tu. Akaniuliza pia nitakaa wapi. Nafasi iliyobaki ni kwenye benchi la mlangoni, jirani na ndoo ya miavuli.

Nimetulia, nimefikiri. Mtutu ule haufungwi na spana yoyote tu. Una spana yake maalumu inayopima ulivyokazwa. Bila spana, hakuna kuvua. Bila kuvua, hakuna jaribio. Bila jaribio, kiti ni changu. Wakati mwingine najishangaa mwenyewe.

Mchana nilimpelekea shemeji keki ya plamu. Alifurahi sana, maskini. Alipokwenda kutafuta visu, spana ikaingia koti langu. Nimeificha ndani ya buti la mvua la Zenzi. Najihisi mwepesi, kama niliyeshusha gunia la viazi.

Jumatano, 8 Oktoba

Quirin amepiga simu. Spana imepotea, lakini nisiwe na wasiwasi, bunduki ilikuja na mbili. Nikamwambia namshukuru Mungu. Akanikumbusha nipitie sahani ya keki.

Ijumaa, 10 Oktoba

Niandike upesi.

Uwanja wa shabaha ulijaa. Mzee Leonhard, msimamizi wetu, mtu wa maneno matatu kwa siku, alisimamia kila kitu. Quirin akapiga risasi tano kwa mtutu mnene, mita mia. Zote katikati. Akauvua, akafunga mwembamba. Kabla ya kupiga, akazungusha kitufe kilicho juu ya darubini. Tik tik tik, mara nyingi. Akasema risasi ndogo inachoka njiani, lazima ilengwe juu zaidi. Mimi bunduki yangu haina mambo hayo. Nalenga, inapiga.

Akapiga, akapata. Akarudisha mtutu mnene, akaukaza kwa ile spana ya pili. Ndipo Burgl akaingia na sinia la mikate ya nyama ya moto. Wote wakageuka, Quirin akiwa wa kwanza. Nikabaki peke yangu na bunduki mezani, komeo wazi, haina risasi.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilikishika kile kitufe nikakizungusha upande wa pili, tik tik tik, mpaka kikagoma kabisa. Hapo, nikasema moyoni, zitakwenda kumpiga ng'ombe wa watu.

Quirin akarudi akijifuta midomo, akaiinamia bunduki, akapiga tano.

Tundu moja. Katikati, palepale. Leonhard aliweka kifuniko cha chupa ya bia juu yake, likapotea lote.

Nilipiga makofi. Ningefanya nini? Nikampa shemeji mkono, nikamwambia kiti ni chake. Alininong'oneza kwamba tunaweza kulisahau jambo hili, ni maneno ya mezani tu, kiti ni cha baba yangu. Nami, mjinga, nikajibu kwa sauti kwamba mwanaume hamezi maneno yake.

Angalau hakuna aliyeniona. Hilo ndilo linalonipa usingizi.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya misa Quirin alikuja kula kwetu. Nguruwe wa kuoka na madonge ya viazi. Katikati ya chakula akashusha sauti kama mtu anayetaka kuungama. Akasema Ijumaa alisahau kukirudisha kile kitufe. Kwa mtutu mnene kinatakiwa kushushwa chote mpaka kigome, na yeye, kwa sababu ya mikate ya Burgl, hakukigusa. Zile tano zilitakiwa kupita juu ya ubao. Lakini alipofika nyumbani akakikuta kimeshashuka, kimegoma mwisho kabisa.

"Shemeji," akasema, "bunduki hii ina akili. Inajirudisha yenyewe. Kiwandani wamenyamaza tu, hawataki wengine waige."

Donge lilinikaba. Zenzi alinipiga mgongoni kwa nguvu zaidi ya zilizohitajika.

Kwa hiyo ni mimi. Kwa mkono wangu huu nimemlengea. Ningekula mkate wangu kama binadamu wengine, leo ningekuwa na kiti.

Niseme? Nikisema, nitakuwa nimegusa bunduki ya mtu bila ruhusa, na hilo katika chama chetu halina msamaha. Picha ya baba iliyo ukutani kwa Burgl ingeondolewa, ukabaki msumari tu. Nimekula donge la pili.

Jumanne, 14 Oktoba

Quirin kakaa kwenye kiti. Mimi mlangoni. Kila anayeingia ananipiga na mlango, anaomba radhi, kisha ananitikisia mwavuli. Nilikitazama kile kiti, mahali ambapo mkono wa baba ulilainisha mbao, na nilitaka kulia. Nilijifanya nina mafua.

Faraja moja. Burgl alilijaza jiko lake kuni za mbao ngumu na likawaka kweli. Shemeji alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alisema anajisikia vizuri sana.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mashindano na kijiji cha ng'ambo ya mto. Mvua. Zenzi alivaa mabuti yake, akapiga ukelele, akatoa spana. Aliitazama, akanitazama. Akasema kidole gumba cha mguu kinamuuma, na kwamba kabla jua halijazama kesho spana iwe imefika kwa kaka yake, njia nitajua mwenyewe. Basi! Hakuuliza swali hata moja. Nilimpenda upya.

Uwanjani Quirin aliamua kuwaonyesha wageni maajabu. Akapiga kwa mtutu mwembamba, akabadilisha, akafunga mnene, na kitufe hakukigusa. Kwa makusudi. Alikunja mikono akasubiri kijirudishe. Kisha akapiga tano.

Zote zikapita juu ya ubao, zikajifukia kwenye tuta. Wa ng'ambo wakamuuliza kama anawinda bata. Tumeshindwa vibaya. Nimehuzunika sana kwa ajili ya kijiji. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumapili, 19 Oktoba

Kiti kimerudi!

Quirin aliingia kwa Burgl, akasimama, hakukaa. Akawaambia wote kwamba Vitus, yaani mimi, alisema kweli tangu mwanzo. Bunduki inayojirudisha Ijumaa hii na Jumamosi inayofuata haijirudishi, hiyo si ya kuaminiwa. Akanishika mkono akanipeleka mwenyewe mahali pangu kando ya jiko. Nilipokaa, mbao zilinipokea. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliirudisha spana mfukoni mwa koti lake palepale, na hakuhisi kitu.

Kisha mzee Leonhard akakohoa. Akasema bunduki haina kosa. Kitufe hakishuki chenyewe, mtu alikishusha. Akauliza ni nani alikuwa karibu na meza wakati wa mikate.

Burgl akajibu akiwa bado anafuta bilauri kwamba wote walichukua mikate isipokuwa Vitus; mkate uliobaki yeye Burgl alimpa mbwa.

Leonhard akanitazama muda mrefu. Akakitazama kiti. Akakitazama na kile kipande cha ukuta ilipo picha ya baba.

"Baba yako naye alikuwa hivihivi," akasema, akanywa bia yake.

Quirin alikuwa anahangaika na spana aliyoikuta mfukoni, hakusikia. Nimelichukua kama sifa. Baba alikuwa mlengaji mkubwa, na mimi, kama ilivyodhihirika, nilikuwa sahihi: bunduki ya mitutu miwili haiaminiki.

Nilikuwa nimenyoosha miguu kwenye vigae vya moto, mwepesi kabisa, Burgl alipotangaza kwamba amechoka kukanda. Amenunua mashine ya kutengeneza madonge ya viazi. Italetwa Alhamisi.

Mashine. Kwenye madonge. Katika baa hii.

Niliwaambia, kwa utulivu, kwamba mashine haiwezi kutoa donge la kuliwa na Mkristo. Wakacheka. Nikanogewa. Ikitoa, nikasema, namwachia Burgl kiti changu.

Sina wasiwasi. Nimeshaiona kwenye picha. Ubavuni ina kitufe cha kuzungusha.