Kamati ya Kuzuia Mawazo ya Kiayalandi, Temeke

Ninayo heshima kuwatangazia wakazi wote wa Temeke, Chang'ombe na vitongoji vyake kwamba Kamati ya Kuzuia Mawazo ya Kiayalandi imekamilisha kazi yake kwa mafanikio makubwa. Mimi Alfonsi, katibu na mkalimani wa kamati hiyo, nilikuwapo tangu kikao cha kwanza. Wanaosema mambo yalikwenda mrama ni wale wenye tabia ya kutazama matokeo.

Kabla ya mwaka 1949 hapakuwa na mtu Temeke mwenye wazo hata moja la Kiayalandi. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi mkuu wetu, Bwana Holroyd. Babu yake alikuwa msimamizi wa mashamba huko Ayalandi, kisiwa jirani na kwao Uingereza, na kazi yake ilikuwa kuwatoa wakulima kwenye ardhi, mpaka wakulima wakamharibia maisha. Bwana alilelewa na kisa hicho kama wengine tulivyolelewa na uji.

"Alfonsi," aliniambia, "ugonjwa huzuiwa kabla haujafika."

Nikasema ndiyo Bwana. Kusema ndiyo Bwana ni sehemu kubwa ya ukatibu.

Wakati huohuo Serikali ilikuwa inahitaji uwanja wa tenisi. Mahali palipoonekana panafaa ni kiwanja cha Bi Mwajabu kule Chang'ombe, mjane mpika vitumbua, penye nyumba yake, minazi yake na kaburi la mumewe. Yeye angepewa kiwanja Kibamba, ambako siku zile majirani walikuwa ngedere. Lakini sisi si watu wa mabavu. Bwana alitunga Kanuni ya Hodi: mpimaji atapiga hodi mara tatu, mwenye nyumba akisema karibu, ameridhia kiwanja kipimwe na kuchukuliwa, asipojibu, mpimaji arudi alikotoka. Ilikuwa kanuni ya busara sana. Bwana alishakaa pwani vya kutosha kujua kwamba hakuna mtu wa Temeke anayeweza kusikia hodi akanyamaza. Hata mwizi angekaribishwa kwanza, maswali baadaye.

Wapimaji walitarajiwa mvua zikikatika. Tulipokuwa tunawasubiri, Kamati iliandaa mihadhara sokoni, ili wananchi waelezwe kinaganaga ni mawazo gani hawaruhusiwi kuwa nayo. Chai ilitolewa bure na watu walifurika.

Bwana alifundisha, mimi nikatafsiri kwa sauti yangu ya kusomea misa. Alieleza jinsi Waayalandi wa mwanzo walivyodai kwa adabu warudishiwe bunge lao, wakajibiwa kwa adabu kwamba hapana. Wakaja wengine wakasema dawa ni bunduki. Hao tuliwapitia harakaharaka. Wengine wakasema turudini kwenye lugha yetu na michezo yetu. Tena wakaja waliosema wabunge wao wasiende London kabisa, wakae kwao waendeshe mambo yao wenyewe, kana kwamba Serikali haipo. Hapo watu waliacha kunywa chai. Lakini wabaya kuliko wote, alisema Bwana, ni wakulima wa enzi ya babu yake, ambao hawakurusha hata jiwe. Waliacha tu kusema naye.

"Ah, walimsusa," akasema Bi Mwajabu kutoka mstari wa mbele. "Kumbe na Wazungu wanasusa?"

Soko zima likaguna. Kususa walikujua tangu utotoni, ila hawakujua kuwa kuna watu wamemsusa mwenye cheo.

"Na akipiga hodi, Bwana?" akauliza Bi Mwajabu.

Bwana alisema hakujibiwa. Mlango baada ya mlango, babu yake alisimama nje na kofia mkononi.

"Pole sana, Bwana. Na yale mashamba, wakulima walibaki nayo?"

Bwana Holroyd ana makosa yake, lakini si mwongo. "Mwishowe, ndiyo," alisema. Niliandika kwenye taarifa kwamba wananchi wameelewa vizuri.

Mvua zilikatika, wapimaji wakaja. Walipiga hodi kwa Bi Mwajabu mara tatu, wakisikia kabisa mafuta yakichemka ndani, na hakuna aliyejibu. Wakarudi kesho yake, ikawa vilevile. Baadaye Bi Mwajabu alimwambia mke wangu kuwa hajawahi kupata kazi ngumu kama ile, uzazi ukiwemo. "Ile karibu ilinikaa hapa kooni, shoga yangu. Niling'ata khanga."

Basi ikaanza. Mpishi wa Bwana alikwenda msibani Madale na msiba haukuisha. Dobi akasahau njia. Nilipopita na Bwana barabarani, watu waligeuka kutazama minazi. Nyumbani kwangu mke wangu Eufrazia aliniwekea ugali mezani akautazama ukuta. Nikamuuliza kama na yeye amekuwa Mwayalandi.

"Mie ni jirani yake Mwajabu," alisema, na wiki ile sikupata neno lingine. Iliniuma, sitaficha.

Wakubwa wa mjini wakachoka kungoja. Amri ikaja: wapimaji wapige hodi nyumba zote za Temeke, uwanja ujengwe kwa yule wa kwanza kukaribisha. Walizunguka kutwa. Temeke ilikuwa kimya kama watu wote wamehama. Jioni wakafika kwenye nyumba moja yenye bustani nzuri ya waridi, ambamo mtu alikuwa amekaa peke yake muda mrefu bila kusemeshwa. Hodi ya kwanza haikuisha.

"Karibu," alisema Bwana Holroyd kwa Kiswahili safi, bila msaada wangu, huku akivuta viti. "Karibuni ndani, jamani, karibuni."

Nilipomkumbusha Kanuni, vigingi vilishasimama kwenye waridi.

Alihamia Kibamba, kwenye kiwanja kilichokwisha kuandaliwa. Nilikwenda kumsaidia kupanga vitu. Watu walikuwa wameshamsamehe, na mchana ule Bi Mwajabu alikuja mwenyewe na kapu la vitumbua, akasimama nje akapiga hodi.

Bwana alinishika mkono.

"Alfonsi," alininong'oneza, "nikijibu, watachukua nini tena?"