Jinsi Mama Lehemu Alivyokifunza Kihisi Kutunza Siri

Sogeeni, enyi wenye ndoo tupu na mabomba yanayokohoa hewa, wekeni chini madumu yenu mnisikilize, kwa maana nasimulia vita vilivyopiganwa kwa betri isiyozidi kifungo cha koti, na namna Mama Lehemu, fundi simu wa ghorofa ya tatu, mwenye miwani miwili na subira nusu, alivyokifunza kidude cha plastiki kufunga mdomo.

Katika zama hizo maji yalikuja mtaani kama mgeni asiye na adabu, bila taarifa, mara chache kwa wiki, na hayakukaa. Bomba kuu lilikuwa moja, likitumiwa na jengo lao pamoja na uwanja wa jirani wa kuoshea magari, milki ya Bwana Povu. Ili wasipitwe, Mama Lehemu alifunga kihisi kwenye bomba hilo, pale getini. Maji yakikigusa, kilitamka hewani neno moja, MAJI, kengele ikalia jikoni kwake, naye akashuka ngazi hamsini na moja kuwasha pampu ya jengo.

Lakini Bwana Povu, mwenye kitambi cha jemadari na pampu ya kutisha mito, alijipatia redio ya kunasia mawimbi. Kihisi kilipotamka, naye alisikia. Mama Lehemu akiwa bado ghorofa ya pili, mwenzake alikwisha kulifyonza bomba likabaki linapiga miluzi. Magari ya watu baki yaking'aa, masufuria ya ghorofa ya tatu yalikauka.

Aliyeumia kuliko wote ni wifi yake, namaanisha dada wa mumewe, si ile ya hewani, ingawa naye husikika nyumba nzima. Mume akiwa kazini mji mwingine, wifi ndiye aliyebeba ndoo kutoka mtaa wa pili, kwa goti lililovimba kama andazi. Jumatatu asubuhi aliitua ndoo mlangoni, akashika kiuno, akahutubia:

"Wifi yangu, miaka sita niko kwako. Nimepika, nimefua, na sijawahi kulalamika hata siku moja." Mama Lehemu alikohoa kidogo. "Lakini goti hili limesema basi. Jumamosi binamu yangu anakuja na pikapu. Kama maji hayajapanda yenyewe, nashuka mimi, na sirudi."

Mama Lehemu aliinamia meza yake asionekane macho. Mbele za watu alimwita huyo mwanamke redio isiyozimwa, lakini usiku mmoja tu wifi alipokwenda msibani, nyumba ilikuwa kimya hadi fundi akaongea na friji.

Akaingia vitani. Kwanza alikipa kihisi fumbo zito, lile la kulindia siri za mabenki. Kikalitamka kwa ushujaa, kikahema, na kufikia Jumatano asubuhi betri iliyotarajiwa kudumu mwaka mzima ilikuwa maiti. Akaitupa bila matanga. Akatafuta fumbo jepesi, lililotungwa kwa ajili ya vidude maskini visivyo na nguvu wala kumbukumbu, na kwa ufunguo wa siri alioujua yeye na kihisi na kengele tu, neno MAJI likageuka kuwa X7QP.

Mchana huohuo maji yalikuja. Bwana Povu alisikia X7QP, akaitikisa redio yake, akaipiga kofi. Jengo likajaza tangi robo. Wifi akakunja kanga moja akaitia begini polepole, bila haraka.

Alhamisi yakaja tena, na Bwana Povu akayafyonza yote. Kisha akaegemea ukuta wa mpaka, akanena kwa utulivu wa mshindi:

"Mama, mimi sihitaji kujua kinasema nini. Kikibwabwaja tu, nawasha."

Neno hilo lilimchoma fundi, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Siri haikuwa katika neno peke yake, bali hata katika kunyamaza. Akaamua kihisi kiseme kila dakika kumi, maji yawepo yasiwepo, na kila ujumbe uchanganywe na namba mpya ili usifanane na uliotangulia, kengele peke yake, yenye ufunguo, ijue upi ni wa maji. Fumbo jepesi liliiwezesha betri kumudu. Ijumaa jioni kikabaki kikwazo kimoja: kumbukumbu ya kihisi ilijaa, na zilipungua baiti kumi na tisa, yaani nafasi ya herufi kumi na tisa.

Alipekua kila kona ya programu yake. Hakukuwa na ziada, isipokuwa mstari mmoja alioupachika mwenyewe siku ya kwanza, kwa fahari: KAZI YA MAMA LEHEMU. Akahesabu herufi na nafasi zake. Kumi na tisa.

Akakaa mbele ya mstari ule kama mfalme aliyeombwa taji.

"Futa," alisema wifi kutoka mlangoni.

"Ni jina langu hilo."

"Nani analisoma humo ndani?"

"Hakuna."

"Sasa ulikuwa unamwandikia nani?"

Akafuta.

Jumamosi pikapu ilisimama getini, na wifi akaketi chini, kando ya pampu, na begi lake mapajani. Kihisi kikabwabwaja, Bwana Povu akawasha, akafyonza upepo. Dakika kumi baadaye kikabwabwaja tena, naye akawasha tena. Mara ya sita pampu yake ilitoa harufu ya kandambili iliyoungua, ikazimika.

"Mama, kidude chako kimerukwa na akili?" aliuliza.

"Kina mengi ya kusema siku hizi," alijibu Mama Lehemu dirishani.

Ndipo kengele ya jikoni ikalia. "Wifi, washa," aliita, na wifi, bila kuinuka, akanyoosha mkono akabonyeza swichi. Bomba likakohoa, likanguruma, na maji yakapanda.

Binamu alishuka garini kuchukua begi. "Rudi nyumbani," wifi alimwambia, akilikumbatia. "Na gari lako usilioshee hapo jirani."

Basi na iandikwe, wajukuu wa wajukuu wapate kusoma: Jumamosi ile, saa tano na dakika nne asubuhi, ndoo moja ya lita ishirini ilijaa katika ghorofa ya tatu bila kubebwa na mtu, na mwanamke aliyekuwa akihama akaoga mara mbili mfululizo, akiimba vibaya, huku fundi akiwa nje ya mlango wa bafu, taulo mkononi, akingojea zamu yake.