Mshono Wangu Ninaujua

Jumatatu, 20 Oktoba
Lahaula! Hata chakula hakishuki. Nimeingizwa katika kundi la WhatsApp liitwalo Faida ya Siku Tatu, na mkurugenzi wao pichani amevaa koti langu! Koti la buluu nililolishona hapa hapa Nyamirambo. Mfuko wa kushoto umepanda kidogo. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, nilikuwa na njaa. Aliyelivaa ni mteja wangu Kalisa, mwenye duka la dawa Kicukiro. Huko kundini anajiita Daktari Richard. Matajiri hujificha, naelewa. Unaweka laki mbili, siku ya tatu unachukua laki sita. Wanaotapeliwa mtandaoni ni wale wasiojua mshono.

Jumanne, 21 Oktoba
Mke wangu Aidah yuko Huye kwa dada yake. Cherehani yake ya umeme imekaa bure. Yangu ya miguu haina bei, kamba yenyewe imekatika. Nimeipakia ya Aidah kwenye pikipiki hadi Nyabugogo, kwa Habiyaremye anayenunua vitu vilivyotumika. Laki mbili kamili! Nimezituma nikiwa bado mlangoni kwake. Ijumaa nitamnunulia mpya mbili.

Jumatano, 22 Oktoba
Aidah amerudi mapema! Ijumaa anatakiwa kukabidhi mishanana sita, nguo za wasichana watakaomsindikiza bi harusi Natacha. Vitambaa ameshavikata. Akauliza cherehani iko wapi. Nikasema iko kwa fundi. Akauliza fundi gani, wakati aliitengenezesha wiki iliyopita. Nikasema fundi mzuri zaidi. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Alhamisi, 23 Oktoba
Kundi limepotea! Hakuna Daktari, hakuna faida. Nimekimbilia Kicukiro. Yarabi, nimekuta foleni dukani kwa Kalisa, na hakuna aliyekuja kununua dawa. Maskini Kalisa amebandika karatasi ukutani: picha yake imeibwa, yeye hajui lolote. Aliponiona akashika kichwa. "Usumani, hata wewe?" Kisha akanionyesha kwenye simu mahali picha ilipoibwa. Ni kwenye ukurasa wangu mwenyewe, ninapotangaza kazi zangu! Nilitaka ardhi inimeze. Akaongeza kwamba ule mfuko ameuvumilia miaka mitatu.

Ijumaa, 24 Oktoba
Nimeamka nikasikia cherehani inanguruma. Nikadhani naota. Kumbe jana Aidah alikwenda Nyabugogo kununua uzi, na Habiyaremye akamtembezea cherehani ambayo ni kama mpya, yenye jina la Aidah kwa chini. Ameikomboa kwa pesa za ikimina, kikundi chao cha kuchangiana kwa zamu, zamu yake aliyoingoja mwaka mzima ili afungue duka lake. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Mishanana sita imekamilika, na hakunitazama hata mara moja. Nimeona aibu ya kweli.

Jumamosi, 25 Oktoba
Leo ni umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa kila mwisho wa mwezi. Tumezibua mfereji, kisha mkutano. Mwenyekiti wetu Mukamana akaonya kuhusu utajiri wa haraka wa mtandaoni, akauliza nani ana ushuhuda. Aidah akaninyooshea mimi kidole! Nikasimama na jembe langu, nikasema yote. Anayekuahidi mara tatu ya pesa yako ni mwizi. Picha si mtu. Ukishawishika, waulize kwanza watu wa nyumbani kwako. Watu walipiga makofi, mama mmoja akaniomba nirudie polepole aandike. Hata Aidah alitabasamu kidogo. Nimepona kabisa.

Jumapili, 26 Oktoba
Siamini macho yangu! Ofisi inayowarudishia watu pesa walizotapeliwa imeniandikia, tena kwa jina langu. Wanataka elfu hamsini tu za kufungua faili. Katibu wao pichani amevaa mshanana wa rangi ya chungwa. Nikaikuza picha. Pindo jembamba, uzi hauonekani. Ni kazi ya Aidah! Hata picha nimeikumbuka, niliipiga mwenyewe mlangoni kwetu. Hii si kama ile ya kwanza. Ile ilikuwa kazi yangu, ina makosa. Aidah hakosei. Sitamwuliza, nataka pesa zake za duka zimrudie ghafla, afurahi. Pasi yetu ya umeme bado ni nzima, na Habiyaremye hufungua saa mbili asubuhi.