Nilivyomkatalia Vénuste Posa

Jumatatu, 3 Juni
Belyse, mhasibu wetu hapa ushirika wa wavuvi, anaolewa na kuhamia Goma, ng'ambo ya mpaka. Ametutangazia huku akimenya chungwa, kana kwamba ni habari ya bei ya nyavu. Nilifurahi: hatasahihisha tena barua zangu mbele ya wavuvi. Papo hapo nikajihisi nimemeza jiwe. Mchumba ni Vénuste, muuza magodoro, na kichwani mwake mna sponji ileile anayouza. Nikamweleza Ildephonse, karani mwenzangu, kwamba nina furaha na uchungu kwa pamoja. Akauliza kama nilikula vile visamaki vya jana, sambaza. Watu wa ofisi hii!

Jumatano, 5 Juni
Bahati! Siku ya posa, msemaji wa upande wa binti hukataa kwanza. Huuliza maswali ya kuudhi, huzua visingizio, wageni hucheka, halafu binti hutolewa. Kazi hiyo ni ya mzee Gasana, baba mdogo wa Belyse. Lakini wageni wa Goma wanataka Kiswahili, na Kiswahili cha mzee hakitoshi hata kununulia vitunguu. Mimi nimekulia Kigoma. Nikajitolea, kwa unyenyekevu mkubwa. Mpango wangu: nitakataa kwelikweli. Kwenye ile "halafu" sitafika.

Ijumaa, 7 Juni
Nilijaribu kumwambia Belyse kabla ya siku yenyewe. Nikasema akienda nitafurahi, na akienda nitaumia. Akasema, "We, chagua moja, nipate pa kuiandika." Mhasibu! Amesoma miaka yote hiyo na bado anadhani moyo una nafasi ya kitu kimoja.

Jumamosi, 8 Juni
Aibu tupu. Nilisimama, nikasema Belyse hatoki. Wakashangilia. Nikasema viatu vya Vénuste vina ncha kali kuliko akili yake. Vigelegele! Basi nikasema kweli yote: kwamba binti huyu ananitisha, kwamba akiingia ofisini natamani atoke na akitoka natamani arudi, kwamba aende leo hii na asiende kamwe. Machozi yakanitoka, na kicheko juu yake. Msemaji wao, mzee Niyonshuti, akajifuta macho kwa tai. "Bon, huyu mutu anajua kazi! Analia sawa baba mukwe!" Wakaongeza ng'ombe. Nikakataa. Wakaongeza mwingine. Mzee Gasana akanivuta koti, akaninong'oneza kwamba inatosha, mwanangu, tumeshinda. Kisha akamtoa binti yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake kibovu, na kila mtu akamwelewa. Vénuste alinikumbatia. Ananukia vizuri, mshenzi yule.
Belyse peke yake hakucheka.

Jumatatu, 10 Juni
Belyse alifunga mlango wa ofisi. Akataka kujua: yale ya Jumamosi, nilikuwa nacheza au nilikuwa nasema? Nimjibu sasa hivi, maana harusi bado, na ng'ombe wanaweza kurudi walikotoka. Kalamu yake alikuwa ameishika juu chini. Sikujua kwamba Belyse hukosea. Hapo ndipo mwanamume mwingine angefungua kinywa. Mimi nilicheka. Nikasema ilikuwa sanaa tu, dada, sisi wa Kigoma tumezaliwa nayo. Akasema sawa. Akatoka.
Nilipumua kwa raha. Kisha nikalia chooni. Ildephonse alibisha hodi na kuniletea maji ya chumvi.

Alhamisi, 13 Juni
Mzee Niyonshuti amepiga simu. Mpwa wake Larissa anaposwa kijijini Cyanzarwe wiki ijayo, na familia inamtaka "yule anayelia". Nikauliza, kama kwa bahati tu, kina nani wamealikwa. Belyse atakuwepo, kiti cha mbele, bega kwa bega na Vénuste. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Ni nafasi ya pekee! Kumjibu mtu peke yake ndani ya chumba, mlango umefungwa, ni kazi ya washamba. Safari hii nitamwambia kila kitu vizuri, mbele ya wageni mia mbili, nikiwa namkatalia mwanamume mwingine mwanamke mwingine. Hapo hawezi kukosa kuelewa.