Samadi ya Munyaka, Koki ya Burnt Forest

Jumatatu, 1 Julai 1985
Mtambo wetu wa gesi ya samadi umejazwa. Wafadhili watakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kukagua huu wa Munyaka na ule wa jirani zetu wa Burnt Forest. Ikiwaka, watajengea kila mama wa kanisa jiko la gesi. Mke wangu Selpha kwanza! Daktari amesema moshi ukiendelea, macho yake hayatapona.

Mimi ndiye mwenyekiti. Nimeonya kamati: Burnt Forest wasiambiwe kitu. Wakishindwa, majiko yote ni yetu. Selpha akauliza kama gesi huwaka vizuri zaidi jirani akilia moshi.

Jumatano, 3 Julai
Kiptoo, mwenyekiti wa Burnt Forest, amekuja na pikapu. Gesi wanayo tele, ila moto unakoroma na kuzimika. Nikajua papo hapo: maji yamejikusanya ndani ya paipu. Dawa ni koki ndogo ya kuyatoa, pale paipu iliposhuka chini kabisa.

Nikamweleza asili ya gesi. Nikamweleza matumbo ya ng'ombe, yote manne. Chai ikapoa. Koki sikuitaja. Akashukuru, akasema sasa na yeye amefika darasa la nane.

Akauliza kama tunahitaji chochote. Nikasema kila timu ijitegemee. Akatazama pipa lililofungwa magunia nyuma ya pikapu, akaondoka nalo. Sikuuliza ni la nini. Mtu wa siri haulizi.

Jumapili, 14 Julai
Gesi hakuna. Baridi hii! Kwetu ziwani samadi huchacha yenyewe. Hapa imelala fofofo.

Baada ya ibada Jepchirchir, dada yake Kiptoo, akaniambia pipa lile lilikuwa zawadi ya Kiptoo kwetu. Samadi iliyokwisha kuchacha, ya kuamsha mpya, kama maziwa ya jana yanavyogandisha ya leo. Ole wangu!

Kumwomba Kiptoo siwezi. Ataniuliza habari za paipu. Nimemtuma Otiende wa kamati yetu akajifanye mkulima wa nyanya anayetafuta mbolea.

Jumatano, 17 Julai
Otiende amepewa mbolea bure. Kavu kama biskuti, iliyoanikwa vizuri kwa ajili ya nyanya. Haiamshi chochote. Kiptoo anazisalimu nyanya zangu.

Jumamosi, 27 Julai
Aibu. Selpha aliwasha kiberiti mbele ya wageni, njiti baada ya njiti. Harufu tu. Burnt Forest, moto ulikohoa mara mbili ukafa. Mgeni mmoja akauliza kama sisi na Kiptoo hatujuani. Kiptoo akaniangalia. Nikaangalia viatu vyangu. Mradi unahamishiwa wilaya nyingine.

Jumatatu, 29 Julai
Selpha anapuliza kuni, machozi yanamtoka. Anasema ni moshi tu. Nimejuta, kweli nimejuta. Nilikwisha kuvaa koti niende Burnt Forest, nimweleze Kiptoo habari za koki na kumwomba radhi.

Mlangoni nikakutana na Macharia wa kanisa. Kuna mradi mwingine, wa majiko ya jua. Timu mbili tena, sisi na Burnt Forest. Nimevua koti. Nimemsihi asimwambie Kiptoo kwanza.

Selpha akauliza kutoka jikoni ni nani huyo. Nikamwambia hakuna mtu.