Vidonge vya Shemeji

Jumatatu, 3 Februari

Nimeingia kwenye utafiti wa hospitali. Wamenitoa damu, nusura nizirai. Daktari Peguero alinieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mlevi kwake. Alisema kolesteroli nzuri ni mikokoteni inayozoa mafuta kwenye mishipa, na juu ya mikokoteni hiyo hupanda walinzi, vimeng'enya vinavyozuia mafuta yasichache. Wanachotaka kujua ni hiki: mikokoteni ikiongezwa, na walinzi wataongezeka, au mikokoteni itazunguka mitupu? Wengine tutapewa dawa, wengine vidonge bandia, na hakuna atakayeambiwa. Ila dawa yenyewe, alisema, huweza kuchoma uso ukawa mwekundu.

Marehemu baba alikufa kwa moyo akiwa na miaka hamsini na minane. Kaka Fremio vilevile, umri uleule, kijiko mkononi. Mimi nafikisha hamsini na minane Juni. Naogopa, wala sioni aibu kuandika.

Nesi Yokasta aliuliza kama navuta sigara. Nikasema nimeacha. Kweli tupu: niliizima getini.

Shemeji Leovigildo, kaka yake mke wangu, naye kajiandikisha. Sababu? Mimi nimejiandikisha.

Alhamisi, 6 Februari

Kidonge asubuhi, juu ya ndizi za kuponda na jibini ya kukaanga. Nikakaa mbele ya kioo. Uso uleule. Mke wangu Deyanira akauliza namngoja nani atokee humo.

Jioni dukani kwa Chencha, tunapochezea dhumna, akaingia Leovigildo. Mwekundu! Paji, shingo, mpaka masikio. Watu wakampongeza kana kwamba kazaa mapacha. Akanigonga begani: "Pole shemeji, wewe umepewa unga wa muhogo." Nimerudi nyumbani nimeshika kifua. Yeye dawa, mimi unga. Na baba yake, yaani mkwe wangu, bado yu hai na anapanda farasi. Dawa ya nini kwa mtu wa ukoo huo?

Jumapili, 9 Februari

Mpango. Tumemwalika Leovigildo kula sancocho, ile supu nzito ya nyama na mihogo. Alikuja na koti, chupa ya vidonge mfukoni, maana anaitembeza kila mahali aringe nayo. Alipozama kwenye supu nikasema nalisogeza koti lisirukiwe mchuzi, nikaingia nalo bafuni. Vyake kwangu, vyangu kwake. Kimoja kikaangukia chooni. Pengo hilo nikamwachia yeye.

Deyanira aligonga mlango, akauliza nafanya nini bafuni na koti la kaka yake. Nikasema nalipiga pasi. Bafuni hatuna pasi. Alirudi mezani, akamwongezea kaka yake supu.

Jumatano, 12 Februari

Dhumna. Nilimeza kidonge kabla ya kukaa. Sijacheza hata kipande cha pili, joto hilo! Likapanda kutoka tumboni hadi utosini. Leovigildo, aliyekuwa upande wa wapinzani, akatupa vipande vyake mezani akidai natoa ishara. Pale kwa Chencha mchezaji hakohoi, hajikuni, hatazami dari, mwenzake asije akajua kashika nini. Sasa mimi nawaka kama taa ya gari. Hata Chago kinyozi, mwenzangu wa siku zote, alinigeuka: "Kaka, hiyo sura inaniambia nini? Nicheze sita au nikuitie gari la wagonjwa?"

Ningejieleza vipi? Nimefungiwa meza mpaka Pasaka. Nilitoka na furaha ya ajabu, nikavuta mbili za kujipongeza.

Ijumaa, 28 Machi

Majibu. Deyanira aling'ang'ania kunisindikiza. Daktari alifungua bahasha, akasoma, akavua miwani. Kumbe mimi tangu mwanzo nilipangiwa dawa. Leovigildo alipangiwa bandia. Lakini mikokoteni ya Leovigildo imeongezeka vibaya sana, yangu imelala palepale. Alisema hajapata kuona kitu kama hicho. Kisha nikauliza, kwa niaba ya rafiki, kama kidonge bandia kinaweza kumwasha mtu uso. Alisema hofu inaweza. Na wekundu wa shemeji siku ile? Deyanira alijibu yeye: kaka yake alishinda juu ya paa la kanisa akipaka rangi, bila kofia.

Hata hivyo Leovigildo hana cha kuringia. Mikokoteni tele, walinzi walewale. Daktari alisema kwake yeye, angalau, kuongezeka kwa mikokoteni hakukuleta walinzi. Wangu ndio wamepungua hata kuliko siku ya kwanza. Akanishika mkono, akavigeuza vidole, akaona umanjano. Alisema moshi huwalaza walinzi. Akauliza kama baba alivuta. Alivuta. Na Fremio? Vilevile.

Nikasema lakini mimi nimeacha. Ndipo Deyanira akafungua kinywa: "Eligio, mashati yako nafua mimi. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe, nipate pa kuanzia kukuomba. Mimi sitaki kuja kula peke yangu." Akalia, mbele ya Yokasta. Na mimi nikalia. Nimeahidi kuacha, na kurudi kupimwa Juni, kabla ya siku yangu ya kuzaliwa.

Jumamosi, 29 Machi

Sijavuta tangu nilipoamka. Mikono inatetemeka, nimemwaga kahawa mara mbili. Yule mwanamke nampenda. Siwezi kumwona analia tena mbele ya majibu.

Nimefikiri sana, kisha nikaenda kwa Chago. Chago hajagusa sigara maishani mwake, hukimbia kila alfajiri, walinzi wake lazima wamejipanga foleni. Kimo chetu kimoja, na kwenye picha ya kitambulisho changu sijulikani. Daktari Peguero atakuwa safarini Juni, na Yokasta atakuwa kajifungua. Chago alikataa. Akakataa tena, akaniita mwendawazimu. Nikamwahidi jogoo wangu wa mapambano, akakubali. Ataenda yeye, atoe damu kwa jina langu.

Deyanira atafurahi mno. Nimekaa uani kwa Chago, nimewasha moja tu ya kutuliza mkono, na kwa mara ya kwanza tangu Februari siogopi. Kwa damu ya Chago, nitaishi miaka mia.