Wiki Niliyowatia Mafundi Moyo

Jumatatu, 4 Machi

Leo Shangazi kaniita ofisini. Si shangazi yangu, ni wa mke wangu, na karakana hii ya sare ni yake. Kasema sare za shule zisipokamilika Ijumaa, kazi inapelekwa kwingine na sisi tutapiga miayo mwaka mzima. Akaongeza kwamba nisingekuwa mume wa binti wa kaka yake, usimamizi angeshampa Mkasi. Mkasi! Mkata vitambaa asiyejua hata kusema shikamoo ikasikika! Nimetoka pale damu inachemka.

Lakini mimi si wa kukaliwa kichwani. Jana redioni mtaalamu alieleza kuwa mfanyakazi hataki mengi, anataka kusifiwa. Basi nikasimama katikati ya ukumbi, nikamsifu Bi Overloki kwa mishono yake iliyonyooka. Wengine wakanuna. Wakauliza kama yao ni matambara. Nikawasifu wote, mmoja mmoja, kwa maneno yaleyale, pasiwe na upendeleo. Bi Vifungo akaanza kufungasha virago vyake. Eti msimamizi akisifu namna hiyo, ujue barua ya kufukuzwa iko njiani. Nimembembeleza mchana kutwa.

Hata hivyo nimewagusa. Walinizungumzia mpaka jioni.

Jumanne, 5 Machi

Nimegundua ugonjwa: soga. Bi Overloki na Bi Vifungo wanakaa bega kwa bega na midomo haipumziki. Nikawatenga, mmoja dirishani, mmoja mlangoni. Lo! Soga haikwisha, ilipanda sauti. Sasa ukumbi mzima unajua alichofanya wifi yake Bi Overloki, na cherehani zilisimama ili watu wasikie vizuri. (Wifi mwenyewe hana haya kabisa.)

Nikageuza mbinu. Nikamweka Bi Overloki karibu na fundi wa pasi. Hawajasalimiana tangu mwaka jana. Watashindana, nikajua, kila mmoja atake kumwonyesha mwenzake! Kufika saa nane wamepatana, wanacheka mpaka wanashikana mabega, na wanayemcheka ni mimi. Sijali. Nani mwingine aliwahi kuwapatanisha?

Nyumbani nimemsimulia mke wangu. Kaniuliza kwa nini nisiwaache tu washone. Maskini, hajui watu.

Jumatano, 6 Machi

Mkasi kashinda ofisini kwa Shangazi asubuhi nzima, wananong'ona. Kikulacho ki nguoni mwako! Nilipitapita mlangoni na faili mkononi, sikuambulia kitu.

Kisha wakatoka. Shangazi akawatangazia mafundi: sare zikikamilika Ijumaa, anafungua tawi jipya na mimi naenda kuliongoza, Mkasi abaki kuangalia hapa. Zisipokamilika, tawi hakuna, na mimi nabaki papa hapa.

Fundi wa pasi akauliza kama hilo tawi liko mbali kweli. Shangazi akajibu kuwa ni upande wa pili wa mji kabisa. Bi Vifungo akauliza kama nitakuwa narudi kuwatembelea. Akaambiwa hapana. Basi cherehani zikaanza kunguruma kama mvua juu ya bati!

Nimeelewa papo hapo. Wananipenda. Wanataka nipande cheo.

Alhamisi, 7 Machi

Hawakwenda kula. Bi Vifungo kaja na homa. Nimemwambia arudi akalale, kakataa katakata, kasema wiki hii hata kwa machela angekuja. Nilikaa juu ya stuli ndefu niwatazame, maana jicho la mkubwa ni mbolea. Mara wakaniletea chai. Mara gazeti. Mara wakanisihi nikapumzike ofisini, na mlango wakaufunga kwa nje nisisumbuliwe na kelele.

Heshima gani hii! Na yote kwa sababu ya kuwasifu siku moja tu.

Ijumaa, 8 Machi

Zimekamilika! Kabla ya adhuhuri! Gari limeondoka na mzigo, Shangazi kanipa mkono. Mafundi wakapiga vigelegele. Bi Overloki kanipangia vitu vyangu kwenye boksi bila kuombwa, hata kalenda kaibandua ukutani. Mkasi akabeba boksi mpaka barabarani.

"Nenda salama," akaniambia, na akatabasamu. Mkasi! Machozi yalinilengalenga.

Jumamosi, 9 Machi

Usingizi haukuja. Nitawaachaje watu wanaonipenda kiasi hiki? Mwacha asili ni mtumwa. Asubuhi nimemwambia Shangazi kwamba cheo sikitaki, nabaki na watu wangu. Aliketi, akaomba maji.

Nikaingia ukumbini kuwapa habari njema. Bi Vifungo aliangua kilio. Fundi wa pasi akasahau pasi juu ya suruali mpaka ikatoa moshi. Mkasi akaenda moja kwa moja kwa Shangazi.

"Mama, nipeleke mimi huko," akasema.

Kabla hajajibiwa, mikono yote ikawa juu. Kila mmoja anataka tawi jipya! Jumatatu waliogopa hata kusifiwa, leo wote wana hamu ya kusonga mbele. Huo ndio uongozi. Lakini nikawatazama zile nyuso, nikaona uchungu wa kutengana na mimi. Moyo si jiwe. Nikawatuliza: nitasimamia kote kuwili, asubuhi hapa na mchana kule. Hakuna atakayenikosa.